Je, ifcOWL imechukua nafasi ya IFC, muundo wa wazi wa kubadilishana data za majengo?
Hapana mkuu, haijaiondoa. ifcOWL ni skima ileile ya IFC, ambayo asili yake imeandikwa kwa EXPRESS (lugha ya kueleza miundo ya data), ikageuzwa kuwa ontolojia, yaani maelezo ya aina za vitu na uhusiano wao, kwa OWL, lugha ya wavuti ya kazi hiyo. buildingSMART, shirika la viwango vya data za ujenzi, ndio waliochapisha zote mbili, na kiwango cha ISO 16739 bado ni IFC. Faida ya ifcOWL ni kuunganisha data: mlango mmoja wa mjengo pale Upper Hill unaweza kuunganishwa na bei ya msambazaji na rekodi za ukarabati, kisha ukauliza yote kwa SPARQL, lugha ya kuuliza data iliyounganishwa hivyo. Ila ni nzito, faili ikigeuzwa inafura vibaya. Ukitaka tu kujua chumba kipi kiko ghorofa gani, tumia BOT, ontolojia ndogo ya majengo ya kikundi cha W3C (shirika la viwango vya wavuti), ina klasi, yaani aina za vitu, chache sana.