Muulize mgonjwa anamezaje maji

Mwaka wangu wa pili katika utafiti wa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, nilisoma vibaya grafu ya mgonjwa mmoja. Kosa lile ndilo lililonifundisha kazi hii, kwa hiyo wanaoniuliza waanzie wapi nawasimulia hilo kwanza.

Mama huyo alikuwa ametibiwa kiungulia kwa miaka minne. Dawa za kupunguza asidi alikuwa amezimaliza za kila aina bila nafuu. Tukampitishia waya mwembamba wa kupima asidi puani hadi juu kidogo ya mlango wa chini wa umio, akakaa nao saa 24. Kesho yake nikafungua kumbukumbu za kipimo nikakuta pH, kipimo cha asidi ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali, imekaa chini ya 4 kwa saa nyingi, na 4 ndiyo mpaka tunaoutumia kuhesabu asidi iliyopanda. Nikaandika majibu: asidi inapanda, tena kwa wingi.

Msimamizi wangu aliitazama grafu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Ulimuuliza anamezaje maji?"

Sikuwa nimemuuliza. Nikarudi kwake, naye akanijibu bila hata kufikiri: "Daktari, maji yenyewe yanasimama hapa," akagusa katikati ya kifua, "mpaka nisimame ninyooke ndipo yashuke. Usiku mto unalowa."

Alikuwa na akalasia. Katika ugonjwa huo mlango wa chini wa umio haulegei mtu anapomeza, na misuli iliyo juu yake haisukumi ipasavyo. Chakula kinalala ndani ya umio, kinachacha, na kule kuchacha kunashusha pH vilevile. Ushahidi ulikuwa kwenye grafu yenyewe. Asidi ya tumbo inapopanda, mstari huanguka ghafla, halafu hurudi juu ngazi kwa ngazi kila mtu anapomeza mate. Mstari wa mama yule ulikuwa umeteremka polepole, saa nzima, kama mteremko wa kilima. Nilihesabu saa, sikutazama umbo. Baadaye alifanyiwa upasuaji wa kukata misuli ya mlango ule, njia iliyoanzishwa na daktari Mjerumani Ernst Heller mwaka 1913, akaweza kunywa maji akiwa amekaa kama watu wengine. Miaka minne ya dawa zisizomhusu haikurudi.

Tangu hapo nimekuwa mkali sana kuhusu maneno. Sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili tuna bahati ambayo wengi hawaitumii. Mtu akisema anapaliwa, chakula au maji yanaelekea njia ya hewa na kikohozi huja palepale. Hapo nafikiria koo na mishipa ya fahamu, hasa kama amewahi kupata kiharusi. Akisema kinakwama, sekunde chache baada ya kumeza, naelekea kwenye umio. Akisema anacheua, kitu kinarudi mdomoni bila kichefuchefu wala jitihada, na hicho si kutapika. Mgonjwa amekupa nusu ya uchunguzi kabla hujawasha mashine yoyote, halafu kwenye fomu unaandika "shida ya kumeza" na kuyafuta yote. Inaniuma kila ninapoiona fomu ya namna hiyo.

Ongeza swali moja: vinavyokwama ni vigumu tu, au na vinywaji pia? Vikianza vigumu, na vinywaji vikafuata baada ya wiki au miezi, kuna mahali pamebana, pengine kovu au uvimbe. Vikikwama vyote tangu mwanzo, shuku misuli. Na kidole cha mgonjwa usikiamini sana kikielekea shingoni, maana kizuizi kilicho chini kabisa ya umio huweza kuhisiwa kooni. (Msomaji ambaye si mtafiti: kumeza kunakozidi kuwa kugumu, hasa ukiwa unapungua uzito, usikutulize kwa vidonge vya kiungulia. Omba kupimwa kwa kamera mapema.)

Ushauri wangu wa pili unawatisha vijana. Kabla hujampitishia mgonjwa mpira wa kupima shinikizo la misuli ya umio, pitishiwa wewe. Mpira wa siku hizi una vihisio 36 vilivyopangana sentimita moja moja, na picha yake ya rangi inapendeza kweli kwenye skrini. Lakini ukiwa wewe ndiye unayeumeza, machozi yanatoka, pua inawaka, na mtu anakuambia "usimeze" wakati mwili wote unataka kumeza. Nilipitia hayo mara moja, na siku iliyofuata niliwaeleza wagonjwa wangu kwa namna nyingine kabisa. Nilielewa pia kwa nini baadhi ya vipimo vyetu vilikuwa vibaya: watu walikuwa wanameza mate kwa hofu, nasi tulikuwa tunahesabu kila mmezo.

Kuhusu swali la utafiti, chagua dogo ukae nalo. Zamani wengi waliamini kwamba asidi hupanda kwa sababu mlango wa umio ni dhaifu muda wote. Mwaka 1976 John Dent, mtafiti wa Australia, alitoa kifaa kilichoweza kupima mlango huo mfululizo hata unaposogea. Mwaka 1980 yeye na wenzake wakachapisha walichokiona kwa watu wenye afya waliolala na vipimo: mlango wenye nguvu za kawaida unafunguka wenyewe, bila mtu kumeza, kwa sekunde kadhaa, na asidi inapita hapo hapo. Uelewa wetu wote wa kiungulia uligeuka. Vijana husoma matokeo ya 1980 wakaruka miaka minne ya kifaa. Mimi naiheshimu zaidi ile miaka minne.

Fedha za kampuni za dawa sitazizungumzia sana. Ukizipokea, haki ya kuchapisha majibu yoyote yale iwe yako, kwa maandishi, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Na kabla hujaandika kwamba dawa imeshindwa, uliza inamezwa saa ngapi. Omeprazoli na jamaa zake, dawa za kupunguza asidi, huzuia pampu za asidi za tumboni zinazofanya kazi, na pampu huamshwa na chakula, ndiyo maana humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Niliwahi kukaribia kuwaita "wasiosikia dawa" watu waliokuwa wakiimeza wakienda kulala.

Wapo watakaosema ukijua umio vya kutosha hutahitaji kukaa na mgonjwa muda wote huo. Nawaambia habari ya Franz Ingelfinger, mmoja wa waliojenga elimu ya umio Marekani na aliyekuwa mhariri wa jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Yeye mwenyewe alipata saratani palepale umio unapoungana na tumbo. Madaktari wakammiminia ushauri kutoka kila upande, ukipingana, hadi yeye na watu wake wakachanganyikiwa. Alipata ahueni pale rafiki yake daktari alipomwambia kwamba anachohitaji ni daktari, yaani mtu mmoja wa kubeba jukumu la matibabu yake na kumwambia la kufanya.

Wanafunzi wangu wapya hawagusi mashine wiki ya kwanza. Wanakaa mbele ya mgonjwa ambaye imeshathibitika ni salama kwake kunywa, wakiwa na glasi ya maji, saa na daftari. Anakunywa, wanatazama koo likipanda na kushuka, wanahesabu sekunde, wanasubiri kikohozi. Kisha wanamuuliza imekuwaje, na neno alilotumia wanaliandika kama lilivyotoka mdomoni mwake.