Kabla ya kudai barabara ya mtaa, pandeni mlima na injinia

Sisi wa mitaa ya milimani hapa Mwanza tunalijua jibu la ofisini kwa moyo: "Tumelipokea, tutalifanyia kazi." Mvua za vuli zinashuka, changarawe yote inaishia mferejini, na mwakani tunarudi na barua ileile iliyobadilishwa tarehe. Nimekaa kwenye kamati ya ujenzi ya mtaa muda wa kutosha kuona maombi yapi yanapita na yapi yanapigwa kalenda. Wenzangu wa Igogo, Mabatini, Bugarika, Isamilo na kwingineko, naomba mnielewe kwenye hili: kilio hakina fungu kwenye bajeti. Fungu hupewa kazi yenye urefu, upana, bei na ofisi inayoimiliki. Anayekigeuza kilio kuwa kazi ya namna hiyo ni injinia, na anatakiwa aitwe mapema, kabla vitabu vya bajeti havijafungwa.

Kwanza jueni mnayemdai. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaani, tangu 2017, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ingawa watu wengi bado wanamfuata injinia wa halmashauri. Majisafi na majitaka ni MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Mfereji ulio kando ya barabara unaenda pamoja na barabara yake, lakini lile korongo linalokatiza nyuma ya nyumba za watu ndilo linalozungusha barua miezi na miezi, kwa hiyo andikeni ofisi zote zinazorushiana suala hilo kwa barua moja na kila upande uone nakala ya mwenzake.

TARURA wana kanzidata, yaani orodha rasmi, ya barabara zao, na fedha za matengenezo zinapangwa kwa barabara zilizomo humo. Nendeni ofisini mkaulize bila woga: barabara yetu imesajiliwa? Kwa jina gani, na inaishia wapi? Mnaweza kukuta inayotambulika ni nusu tu, ile ya chini karibu na lami, na huko juu kwenye mawe kunahesabika kama njia ya miguu. Ikiwa ndivyo, ombi lenu la kwanza liwe la kuisajili. Greda litafuata baadaye.

Sasa injinia. Mwalikeni kwa barua kupitia kwa mtendaji wa mtaa, na akija msimkalishe kwenye kiti cha ofisi. Mpandisheni. Kwetu alikuja injinia kijana, mpole, akalipita moja kwa moja lile shimo ambalo kila mtu alikuwa anamwonyesha. Akauliza, "Wazee wangu, haya maji yanaanzia wapi?" Tukapanda naye hadi kwenye majabali juu ya nyumba za mwisho. Akatueleza kwamba jabali halinywi maji. Kila tone linaloangukia pale linashuka, na kila paa la bati linaloongezeka linaongeza kasi ya maji hayo. Tulipoteremka akachuchumaa kwenye kalavati letu, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, na kuingiza mkono: mchanga na chupa za plastiki vilikuwa vimejaa zaidi ya nusu. Kisha akamgeukia mama mmoja anayeuza dagaa pale pembeni. "Mama, maji yakija kwa nguvu yanafika wapi?" Mama akamwonyesha alama ya tope ukutani kwake, karibu na dirisha. Injinia akaipima kwa futi kamba na kuiandika.

Alama hiyo ndiyo iliyobadilisha mradi. Kalavati lililokuwepo lilikuwa la milimita 600. Tulikuwa tunaomba libadilishwe jipya, saizi ileile. Yeye akasema la 900, kwa sababu kwenye mteremko uleule linapitisha maji karibu mara tatu. Akaongeza mtego wa mchanga upande wa juu, shimo la kunasa mchanga kabla haujaingia kwenye bomba, wenye mfuniko ambao vijana wa mtaa wanaweza kuufungua kwa mikono na kusafisha. Tungepewa tulichoomba, masika ya kwanza tu tungekuwa pale pale. Ndiyo maana nasema msipeleke jibu ofisini. Pelekeni tatizo, na mtu wa kulipima.

Kwa miteremko mikali, mimi nasimama na barabara za mawe. Changarawe mlimani ni fedha ya kumwaga ziwani. Mawe tunayo, mafundi wa kuyachonga wapo, na likitoka jiwe moja linarudishwa na fundi wa mtaani bila kusubiri mtambo. Jiji lina barabara za namna hiyo milimani na zinastahimili. Injinia akija, mwombeni aweke bei ya aina zote mbili, na gharama za kuzitunza baadaye, ili madiwani waone tofauti kwa macho yao.

Ardhi ndiyo inayoua miradi mingi kimyakimya. Makazi yetu mengi yalijengwa bila kupimwa, na pale ambapo urasimishaji, yaani kuyapima na kuyatambua kisheria makazi hayo, umefanyika, upana wa barabara umeandikwa kwenye mchoro wa mipango miji. Uchukueni mchoro huo, mpite na kamba nyumba kwa nyumba. Choo cha nani kimeingia? Ukuta wa nani? Likitajwa neno fidia wakati mkandarasi yuko kazini, kazi inasimama. Anayekubali kusogeza ukuta wake kwa hiari asaini mapema mbele ya mwenyekiti, na muhtasari wa mkutano uambatanishwe. Asiyekubali msimtishe. Ana haki yake, na injinia anaweza kuusogeza mfereji upande wa pili ikiwa bado uko kwenye karatasi.

Kuhusu fedha, angalieni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti inapikwa miezi mingi kabla, na ikifika Januari au Februari tayari iko mezani kwa madiwani. Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukae mapema, muhtasari ufike kamati ya maendeleo ya kata, na mheshimiwa diwani aende barazani ameshika makadirio ya gharama mkononi. Diwani mwenye makadirio anasikilizwa tofauti kabisa na diwani mwenye malalamiko.

Mafungu yenyewe hayafanani. Mfuko wa Barabara unatokana na mafuta na kimsingi ni wa matengenezo. Tangu Julai 2021 kuna nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya TARURA, kwa hiyo kila bodaboda wa mtaani kwenu anachangia. Mapato ya ndani ya halmashauri yanagombewa na madarasa na zahanati. Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, kamati yake inaongozwa na mbunge. Naona unafaa zaidi kwa vitu vidogo ambavyo wananchi wameshavianza: mmekusanya mawe na mchanga, mnaomba saruji na nondo.

Halafu kuna miradi mikubwa ya mkopo wa Benki ya Dunia. Mradi wa miji ya kimkakati uliotangulia ulitujengea barabara hapa Mwanza, na sasa kuna TACTIC, wa dola milioni 410 kwa miji 45. Barabara yenu ya mlimani haitaingia humo kwa barua ya mtaa. Lakini ikiwa barabara kubwa inajengwa chini yenu, mfereji wake ndio utakaopokea maji yenu. Nendeni kwenye mikutano ya wadau, mwulize mtaro wa chini umepigiwa hesabu ya maji ya kutoka juu au ya barabara peke yake.

Wengine wananiuliza kuhusu hatifungani, yaani kukopa kwa umma kwa kuuza hati za deni, kwa kuwa mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024. Mamlaka ya maji inakusanya ankara kila mwezi na kulipa deni. Barabara ya mtaa haina ankara, hivyo njia hiyo si yetu.

Injinia wa serikali akizidiwa na kazi na mkaamua kuchanga kumlipa wa binafsi, hakikisheni amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mchoro wake uonwe na TARURA kabla hamjammalizia malipo. Michango ipewe risiti, hata ya shilingi elfu moja.

Mkandarasi akimaliza, msiishie kwenye pilau la uzinduzi. Kuna kipindi cha matazamio kilichoandikwa kwenye mkataba, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro zake, na sehemu ya fedha yake inazuiwa hadi kiishe. Mwulizeni injinia kinaisha lini. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, piteni na simu zenu, pigeni picha kila jiwe lililong'oka na kila ufa wa mfereji, na barua ifike kwa injinia, kwa dispachi (asaini kwamba ameipokea), kabla ya tarehe hiyo.