Gemu inalagi, inaganda au inakatakata?

SWALI: Mimi na wenzangu tuna kundi la wacheza gemu, wengine wa Tanga, wengine wa Mombasa. Mmoja wetu ni mwalimu, naye anashikilia kuwa "gemu inalagi" (inachelewa kuitika) na "nimebaniwa" (nimezuiwa kucheza) si Kiswahili. Anataka tuseme "mchezo wa video unakwama". Je, tunachozungumza ni misimu tu? Na tukiandika, ni inalag, ina-lag, inalaga au inalagi?

JIBU: Nianze na la mwisho, maana ndilo lenye kanuni. Andikeni inalagi. Kitenzi cha asili ya Kibantu huishia kwa -a, na irabu hiyo hubadilika: anacheza, hachezi, acheze. Kitenzi cha kukopa hung'ang'ania irabu yake: anajibu, hajibu, ajibu, anasamehe, hasamehe, asamehe. Vya Kiingereza vimepita mlango uleule viliopitia vya Kiarabu, ndiyo maana tunasema anachati, hachati, achati. Basi gemu inalagi, hailagi, na tunaomba isilagi. Anayesema "isilage" ameivisha lagi nguo ya cheza.

Kistari cha "ina-lag" kinapendeza mpaka utake kunyambua. Kutoka rudi tunapata rudisha na rudia, kutoka lagi, "programu hii ndiyo inayolagisha gemu", "mbona inanilagia mimi tu?" Jaribu kuyaandika hayo kwa vistari uone yanavyofanana na mifupa ya dagaa.

Kuhusu mchezo wa video, neno ni sahihi na kwenye gazeti litasomeka vizuri. Ila "mchezo" peke yake lina kazi nyingi: kuna mchezo wa kuigiza, na kwa akina mama wengi wa Dar es Salaam mchezo ni upatu. Gemu halimchanganyi mtu. Kwa maandishi rasmi liwekeni ngeli ya I-ZI: gemu hii, gemu hizi. "Magemu haya" ya mtaani yanaeleweka, lakini mkianza nayo msirukeruke; aya moja isiwe na "gemu hii" na "magemu yale".

Ninapomkatalia mwalimu kabisa ni kwenye "kukwama". Neno hilo ni zuri kwa gari lililozama topeni. Kwa mcheza gemu linafunika matatizo manne yenye dawa nne, na hapo ndipo ushauri unapokwenda mrama.

Kulagi ni kosa la njia: ujumbe kati ya kifaa chako na seva, yaani kompyuta ya wenye gemu, unachelewa. Picha inatembea vizuri, ila umebonyeza shuti na mshambuliaji anapiga wakati beki keshafika. Kipimo chake ni pingi, yaani milisekunde za kwenda na kurudi. Pingi ya 40 wengi hawaihisi. 200 ni sehemu ya tano ya sekunde, na hapo kipa keshadaka. Kukatakata ni kosa la kifaa: kinashindwa kuchora fremu, yaani picha mojamoja zinazounda mwendo, kwa wakati. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila moja ina takribani milisekunde 17 tu za kuchorwa. Fremu zikishuka hadi 20 kwa sekunde, jicho linaona picha ikiruka. Simu iliyopata moto hujipunguzia kasi yenyewe, kwa hiyo gemu iliyoanza laini inaweza kukatakata baada ya dakika kumi, na bando jipya halitasaidia kitu. Kuganda ni picha kusimama moja kwa moja, ubonyeze usibonyeze. La nne ni gemu kujifunga yenyewe na kukurudisha ulikotoka, mara nyingi kwa sababu kumbukumbu ya kifaa imejaa.

Sasa tazama ujumbe huu: "Wakuu, gemu inakwama, nisaidieni." Mmoja atasema badili mtandao, wa pili shusha ubora wa picha, wa tatu futa gemu uipakue upya. Wote wanaweza kuwa sahihi, na muulizaji amemaliza bando kwa kupakua kitu ambacho hakikuwa na kasoro. Aandike hivi: "Wakuu, gemu inalagi tangu jana jioni. Pingi inaruka kutoka 60 hadi 250 kila nikicheza na watu mtandaoni. Nikicheza peke yangu bila intaneti iko safi. Picha haikatikati. Natumia simu, bando la kawaida." Sentensi ya kucheza bila intaneti ndiyo yenye uzito, kwani imeshakiondoa kifaa kwenye orodha ya washukiwa.

Hilo linajibu swali la misimu. Misimu huzuka, huchuja na hufa, na kazi yake kubwa ni kuchangamsha. Lugha yenu ni rejesta, au sajili kama wanavyofundishwa wenzenu wa Mombasa: msamiati wa watu wenye shughuli moja. Mwanaisimu John Swales, katika maelezo yake ya mwaka 1990 kuhusu jumuiya za namna hii, alitaja malengo ya pamoja, njia za kuwasiliana na kupeana mrejesho, tanzu (aina) za mawasiliano, msamiati mahususi, na kiwango fulani cha wajuzi miongoni mwa wanachama. Kundi lenu linavyo vyote. Kuomba msaada, kama ujumbe ule hapo juu, ni utanzu wenye kanuni zake, na mgeni hujulikana kwa kutozijua.

Kwenye "nimebaniwa", lakini, nipo upande wa mwalimu, ingawa si kwa sababu yake. Tayari tuna kubana na kubania, na mtaani "amenibania" ni kuninyima. "Nimebaniwa akaunti" inaweza kumaanisha umefukuzwa na wenye gemu, au kaka yako amekataa kukuazima yake. Wakati huohuo watangazaji wa mpira wanasema kila wiki kuwa fulani amefungiwa mechi tatu. Semeni akaunti imefungiwa, nimefungiwa siku saba. Vivyo hivyo kupakua: neno lipo, limezoeleka, halina haja ya mbadala.

Na kwa kuwa mmegusa vitenzi: anayecheza gemu kwa simu anacheza kwenye simu. "Anachezea simu" ni maneno ya mama anayemtuma mtoto dukani kwa mara ya tatu.