Sliivu au baipasi? Kiungulia chako kina neno zaidi ya kilo zako

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 38, urefu wangu sentimita 160, uzito kilo 112. Kisukari ninacho mwaka wa sita sasa, natumia metformini na glimepiridi. Nikilala usiku kiungulia kinanipanda hadi kooni, nanunua omeprazoli duka la dawa. Magoti yananisumbua, karibu kila siku nameza diklofenaki. Rafiki yangu alikwenda India akakatwa mfuko wa chakula na amepungua sana. Mimi nimeuliza hospitali mbili: moja inasema nifanye sliivu, nyingine inasema baipasi. Bado natamani mtoto mmoja. Nichague ipi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Dada, kwanza hesabu. Kilo 112 ukigawa kwa 1.6 mara 1.6 unapata BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ya karibu 44. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inapendekeza upasuaji wa kupunguza uzito kuanzia BMI 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine. Kwa hiyo kustahili unastahili. Kinachobaki ni aina, na hapo hospitali zote mbili hazijakudanganya, ila kila moja imeangalia upande wake.

Sliivu ni hivi: daktari anapitisha mrija mdomoni hadi tumboni, unene wake kama milimita 12 hadi 13, kisha anakata mfuko wa chakula kwa mashine ya pini akiufuata huo mrija. Robo tatu ya mfuko au zaidi kidogo inatolewa nje ya mwili moja kwa moja. Kinachobaki ni bomba jembamba kama mkono wa shati. Utumbo hauguswi. Sehemu iliyotolewa hairudi.

Baipasi ya kawaida, ile iitwayo Roux-en-Y, haitoi kitu. Sehemu ya juu ya mfuko inatengwa, kiasi cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani. Utumbo mwembamba unakatwa, ncha ya chini inapandishwa na kuungwa kwenye kimfuko hicho, na ile ncha nyingine inayoleta nyongo inaungwa chini zaidi, sentimita 100 hadi 150 mbele. Maungio mawili, basi. Mfuko mkubwa wa zamani unabaki ndani umefungwa, unaendelea kutoa asidi yake, lakini chakula hakiupitii tena, na kamera ya mdomoni haiufikii kirahisi. Kwa sababu hiyo kipimo cha kamera na cha bakteria wa vidonda, H. pylori, hufanywa kabla. Bakteria huyu ni wa kawaida sana kwetu; akikutwa, atibiwe kwanza.

Sasa kilo. Ufini walifanya utafiti wa watu 240, nusu sliivu nusu baipasi, wakawafuata miaka mingi. Baada ya miaka 5 wa sliivu walikuwa wamepoteza asilimia 49 ya uzito uliozidi, wa baipasi asilimia 57. Tuiweke kwenye mwili wako: kwa urefu wako BMI 25 ni kilo 64, kwa hiyo uliozidi ni kilo 48. Sliivu ingekupunguzia kama kilo 23 na nusu, baipasi kama 27 na nusu. Ni wastani tu, wapo wa juu na wa chini, lakini unaona tofauti: kilo nne baada ya miaka mitano. Kwa kilo nne mimi simchagulii mtu upasuaji.

Na kisukari? Watu wengi watakuambia baipasi ndiyo dawa ya sukari. Inasaidia zaidi kidogo, kweli. Katika utafiti huohuo, sukari ilitulia kwa asilimia 45 ya wagonjwa wa kisukari waliofanyiwa baipasi na 37 ya wale wa sliivu. Lakini kinachoamua zaidi ni umri wa ugonjwa na kama umeshafika kwenye insulini. Wewe una miaka sita na bado uko kwenye vidonge. Nafasi unayo kwa upande wowote.

Kiungulia ndipo ninapokaa. Ule mkono wa shati ni bomba lenye presha. Chini kuna mlango wa asili wa mfuko unaobana, na juu ile pembe kati ya umio (bomba la chakula kutoka kooni) na mfuko, inayosaidia kuzuia asidi, imevurugwa na kisu. Presha ikipanda, asidi inatafuta njia ya juu. Wafini walipowapima kwa kamera baada ya miaka 10, asilimia 31 ya wa sliivu walikuwa na michubuko ya umio. Wa baipasi asilimia 7. Baipasi inatuliza kiungulia kwa sababu kimfuko cha mililita 30 kinatoa asidi kidogo mno na nyongo imepelekwa mbali. Mtu mwenye kiungulia cha usiku kama chako akifanyiwa sliivu, huenda akaishi na omeprazoli au akarudi mezani kubadilishiwa kuwa baipasi. Kubadilisha inawezekana, lakini upasuaji wa pili una hatari kuliko wa kwanza.

Kwa hiyo fanya kamera kabla ya kusaini chochote. Ikionyesha umio umechubuka, au sehemu ya mfuko imepanda kifuani, jibu langu ni baipasi. Ikiwa umio ni safi, sliivu inarudi mezani, na hapo magoti yako yanaingia kwenye hoja.

Maana diklofenaki na baipasi haviendi pamoja. Utumbo ulioungwa kwenye kimfuko haukuumbwa kukaa na asidi, na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini vinaondoa kinga yake. Kidonda hutokea palepale kwenye ungio; kinatoka damu, kinaweza kutoboka ghafla hata baada ya miaka. Sindano haikuokoi, dawa inafika kwa njia ya damu. Angalia pia vidonge vya mchanganyiko vya duka la dawa, vingi vina diklofenaki ndani ya parasetamoli bila mnunuzi kujua. Utabaki na parasetamoli tupu, jeli ya kupaka na mazoezi ya goti, na kilo 20 zikitoka magoti yenyewe yatapumua. Sigara nayo ni vilevile, iachwe angalau wiki sita kabla na isirudiwe. Ukijijua kwamba diklofenaki hutaiacha, mwambie daktari wako ukweli huo mapema, kwa sababu unabadilisha ushauri.

Huenda ukatajiwa baipasi ya ungio moja. Ni fupi kufanya, lakini nyongo inapita karibu na kimfuko na inaweza kupanda, na utumbo unaorukwa ni mrefu zaidi, hivyo kuharisha na upungufu wa lishe huonekana zaidi. Kwa mwenye kiungulia si chaguo langu la kwanza. Mkanda wa kufunga mfuko umeachwa sehemu nyingi kwa sababu unateleza, unakula ukuta wa mfuko, na wengi huishia kuutoa. Puto linalowekwa ndani ya mfuko si upasuaji. Aina nyingi hutolewa baada ya miezi sita na uzito hurudi nyuma yake.

Hatari za karibuni ni damu kutoka, damu kuganda kwenye miguu au mapafu, na kuvuja. Sliivu ikivuja, mara nyingi ni juu kabisa karibu na umio, na hupona taratibu, wiki hata miezi. Mapigo ya moyo kupita 120 ukiwa umetulia, homa, maumivu ya bega la kushoto au pumzi kuwa fupi: usingoje asubuhi, nenda usiku huohuo, hata kama tumbo halikuumi sana.

Hatari ya mbali ya baipasi ni ngiri ya ndani. Utumbo ukishahamishwa unaacha mianya miwili, na mtu akipungua mafuta ya tumboni mianya inapanuka, utumbo unapenya na kujinyonga. Dalili ni maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, hasa baada ya kula, mwezi au miaka baadaye. CT scan inaweza kuonyesha kawaida wakati tatizo lipo. Mara nyingine jibu ni upasuaji wa kuingiza kamera kupitia tundu dogo kwenye ukuta wa tumbo. Muulize daktari wako: unaifunga mianya yote miwili, na kwa uzi usioyeyuka? Akisita, uliza kwingine.

Vidonge ni vya maisha, hapa hakuna majadiliano. Kwa kila siku: multivitamini, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa mafungu, vitamini D yuniti 3,000, B12 mikrogramu 350 hadi 1,000 ya kumeza (au sindano kila mwezi), na madini ya chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi. Chuma na kalsiamu viachane saa mbili, na chuma kisimezwe na chai. Kwa anayetumia ARV yenye dolutegraviri, kalsiamu na chuma huizuia kunyonywa, kwa hiyo ratiba ipangwe na kliniki yake. Ukitapika siku kadhaa mfululizo, hitaji la kwanza ni vitamini B1, tena kabla ya dripu ya sukari. Kuikosa kunaweza kuharibu ubongo.

Wiki mbili kabla ya upasuaji utakula kalori 800 hadi 1,000 kwa siku ili ini linywee, daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Glimepiridi ipunguzwe au isimamishwe kipindi hicho kwa maelekezo, la sivyo sukari itashuka ukaanguka. Baada ya upasuaji, wiki mbili ni vya majimaji tu, kama supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi usio na sukari, kisha vilivyopondwa, vya kawaida karibu wiki ya sita. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku: mayai, samaki, dagaa wa kusaga, mtindi. Ugali mgumu, chapati na nyama choma ndivyo hukwama. Maji lita moja na nusu kwa siku, kidogokidogo, si pamoja na chakula. Subiri nusu saa. Kwa baipasi, juisi ya miwa au soda inaweza kukupa mapigo ya moyo, jasho na kuharisha ndani ya nusu saa.

Mtoto: subiri miezi 12 hadi 18, na utumie kijiti au kitanzi, kwa kuwa vidonge vya uzazi wa mpango havinyonywi vizuri baada ya baipasi. Ukishika mimba, kikataeni wewe na mkunga kile kipimo cha kunywa glukosi gramu 75, kitakuangusha. Badala yake pimeni sukari ya kidole kwa wiki moja, kabla na baada ya kula, kati ya wiki ya 24 na 28. Na maumivu makali ya tumbo ukiwa na mimba, hasa miezi ya mwisho, mwambie daktari neno "baipasi" kabla ya kumwambia neno lingine.

Ukiamua kufuata njia ya rafiki yako hadi India, rudi na ripoti ya upasuaji yenye mchoro: aina, urefu wa kila tawi la utumbo kwa sentimita, mianya imefungwa au la, kifuko cha nyongo kimetolewa au kimebaki. Piga picha, weka kwenye simu yako na ya mwenzako. Daktari wa Morogoro atakayekupokea saa nane ya usiku hataweza kuubuni utumbo wako ulivyounganishwa.