Kafyu Ikirudi, Usikimbilie Kufuli

Haya niliyaandika Julai 2021, wakati wa Korona. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeandikiwa na msomaji mmoja mwenye hoteli ya chakula Kondele, Kisumu. Nafupisha ujumbe wake kwa ruhusa yake. Tangu katikati ya Juni mwaka huo, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alipotangaza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri kwa kaunti 13 za magharibi na kando ya ziwa, biashara yake ya usiku imezimika. Wateja waliokuwa wakifika baada ya kazi sasa wanapita mbio wakitazama saa. Mwenye nyumba anataka kodi yake. Wasichana wake wa kazi wanamwangalia usoni kila asubuhi wajue kama leo kuna riziki. Akamaliza hivi: "Dada, nyinyi Nakuru mlifungiwa kabla yetu na bado uko wazi. Nifunge nisubiri hii kitu ipite, ama nifanye nini?"

Mdogo wangu, usifunge. Ningekujibu kwa simu tu, lakini najua Busia, Siaya, Homa Bay, Kisii, Kakamega na kwingineko wako wengi wenye swali hilohilo na moyo ule ule wa kutaka kusimama. Kwa hivyo nawajibu nyote hapa.

Hoteli yangu ya hapa Nakuru iko karibu na steji ya matatu za Kisumu, Kericho na Eldoret. Chakula changu kilikuwa cha abiria: mtu anashuka, ananawa, anakula chapati na maharagwe, anakunywa chai, makanga akipiga kelele anaondoka. Ijumaa tarehe 26 Machi 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza kwamba kati ya watu wanaopimwa, walioambukizwa walikuwa wamepanda kutoka asilimia 2 Januari hadi asilimia 22 Machi. Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zikafungwa kama eneo moja, hakuna kuingia wala kutoka. Kafyu ikawa saa mbili usiku. Hoteli zikaambiwa hakuna kukalisha mteja, chakula ni cha kubeba tu. Pasaka ilikuwa wiki iliyofuata, na Pasaka kwetu sisi wa steji ndiyo msimu unaolipa deni la Januari.

Jioni ile steji ilifurika. Kila mtu alitaka kuvuka kabla barabara hazijafungwa. Nauli ilipanda watu wakiwa bado kwenye foleni. Akina mama walikuja na watoto mgongoni na mabeseni yamefungwa kwa leso, wakala wakiwa wamesimama, mkono mmoja chapati na mwingine simu ya kulipa. Tuliuza mpaka unga ukaisha. Kesho yake asubuhi nilifungua mlango nikakuta matatu zimepangwa mstari mmoja, pazia zimeshushwa, na makanga wawili wameketi juu ya kreti za soda bila neno. Sufuria ya maharagwe niliyoinjika alfajiri ilikaa mpaka mchana ikaota utando juu.

Siku hiyohiyo nikapigiwa simu na ofisi moja ya hapa mjini iliyokuwa imeagiza chakula cha semina ya Jumatatu, pilau na kuku. Nyama nilishanunua, kuku walishachinjwa. Wakasema semina imevunjwa. Nikawaomba angalau bei ya nyama. Yule bwana aliyekuwa akiniita "dada yetu" kila mwezi akanijibu kwamba hata wao wameathirika, akakata simu. Sijalipwa hadi leo. Napita mbele ya jengo lao karibu kila wiki na bado inaniuma, kwa sababu wale watu mishahara yao haikusimama hata siku moja. Tangu hapo sipiki oda kubwa bila nusu ya pesa kuingia kwanza, awe nani. Na wewe ufanye hivyo. Anayekuheshimu hatakasirika ukimwomba malipo ya awali.

Nilichofanya baada ya simu ile ndicho ninachotaka ushike kuliko vingine vyote. Sikungoja mwisho wa mwezi. Jumapili nilikwenda kwa mwenye nyumba kwa miguu yangu, nikamweleza: steji imekufa, sina abiria, lakini siondoki. Nitakupa nusu ya kodi tarehe tano na nusu nyingine tarehe ishirini, na nikishindwa nitakuja kukwambia kabla ya tarehe, si baada. Alinuna, akanung'unika kuhusu mkopo wa benki alionao, mwisho akakubali. Nikatoka hapo nikaenda kwa muuza nyama, nikamwambia hivyohivyo, akaanza kunipa mifupa ya supu kwa mkopo wa siku moja moja. Muuza maziwa naye nikampunguzia lita kabla hajafika mlangoni na mtungi uliojaa.

Wasichana wangu niliwaita jikoni nikawafungulia daftari la mauzo wasome wenyewe. Nikawaambia sitamfukuza mtu, lakini mtapokezana siku mpaka hali irudi. Mmoja aliomba aende kwao Kakamega. Nikamwambia nafasi yako ipo.

Jirani yangu mwenye hoteli mlango wa tatu alichagua njia nyingine. Alipiga kufuli, akazima simu, akangoja itangazwe kwamba mambo yamefunguka. Simlaumu, alikuwa na hofu kama yangu. Lakini masharti yalipolegezwa tarehe 1 Mei, chumba chake kilikuwa kimeshapangishwa kwa kijana anayeuza vifaa vya simu. Mwenye nyumba ni yule yule wangu. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja wetu aliongea mapema na mwingine alinyamaza. Mwenye kukudai anaweza kuvumilia umaskini wako, lakini ukimya wako hataki kuuona.

Basi ongea mapema. Nitalirudia hilo mpaka unichoke.

La pili ni saa. Kafyu inachukua usiku, haichukui alfajiri. Kwetu mwisho wake ulikuwa saa kumi alfajiri, kwenu pia ni saa kumi. Nikajiuliza, ni nani anayeamka saa hiyo hapa Nakuru na anahitaji kitu cha moto tumboni? Askari wa usiku wanaotoka zamu. Wauguzi. Vijana wa bodaboda. Watu wa mboga wanaoelekea soko la Wakulima. Mafundi wa magari. Nikahamisha jiko lote huko. Saa kumi na nusu chai ilikuwa tayari, mandazi ya moto, chapati zimefunikwa kwa kitambaa safi, madondo kwenye sufuria, vyote vya kubeba. Asubuhi za kwanza walikuja wachache mpaka nikaona aibu kumwamsha msichana wa zamu. Baadaye walinda lango wa majengo matatu walikuwa wakituma mmoja wao aje na orodha ya wote.

Halafu katikati ya Aprili Ramadhani ikaingia. Mimi ni mtoto wa Bondeni, mtaa wa hapa Nakuru, kaimati nimeanza kukanda kabla sijajua kuandika jina langu. Misikiti ya eneo lililofungwa ilikuwa haikusanyi watu, tarawehe tulisali nyumbani, na kutoka adhana ya magharibi hadi kafyu palikuwa na muda wa saa moja na kitu tu. Nani ana muda wa kufunga kazi, kupita sokoni, na kukaanga sambusa kabla ya adhana? Kuanzia saa tisa alasiri nikawa natoa viazi karai, sambusa, kaimati na uji wa kupima kwenye chupa ambayo mteja mwenyewe anakuja nayo. Majirani waliokuwa hawajawahi kukanyaga hoteli ya steji wakawa wanapanga foleni mlangoni, kila mmoja mbali na mwenzake, kwenye alama za chokaa nilizochora sakafuni.

Mei ilipofika sikuwa na deni kwa muuza nyama. Kodi nilikuwa nimeikamilisha. Msichana wa Kakamega alirudi akakuta aproni yake inaning'inia palepale. Ninajivunia, na nitasema bila kuinamisha kichwa, kwa sababu wako watu wa ukoo walionishauri niuze sufuria na viti mapema kabla bei haijashuka, tena mbele ya mama yangu, kana kwamba sikuwepo.

Sasa kuna jambo ambalo lazima niseme kwa uzito, maana kwenye ujumbe mwingi ninaopata watu wanaongea kuhusu kafyu tu. Kafyu haikuja yenyewe. Kirusi cha aina ya Delta kimepitia kwenu Kisumu tangu Mei, na kinasambaa haraka kuliko kile tulichokizoea mwaka jana. Sisi Nakuru tulipoteza fundi cherehani wa mtaa wetu mwezi wa Aprili, mzee aliyenishonea sare za shule na baadaye akawashonea wanangu. Watoto wake walizunguka mji mzima wakitafuta mtungi wa oksijeni. Kwa amri ya mazishi ilibidi azikwe ndani ya saa 72, na watu wasizidi 50. Mzee ambaye mtaa wote umevaa nguo za mkono wake. Ukiniambia Korona ni siasa, nitakupeleka kwa mjane wake.

Kwa hivyo biashara isimamie afya, si kinyume chake. Toa meza nje kama una hata hatua nne za veranda, kwa sababu hewa ya ndani iliyofungiwa ndiyo inayotuua. Fungua madirisha hata kama vumbi linaingia. Mtungi wa maji wenye bomba na sabuni uwe mlangoni, na uwe na maji kweli, si ule mkavu wa kuonyesha askari wa kaunti. Barakoa ifunike pua. Mpishi akikohoa, mrudishe nyumbani na umlipe siku hiyo, la sivyo kesho atakuficha kikohozi chake na kesho kutwa mtakuwa mnaugua jiko zima. Chanjo ikifika kwenu, nenda. Mama yangu alichomwa ya kwanza mara tu serikali ilipowaruhusu wenye miaka 58 na zaidi, ile AstraZeneca iliyoanza kufika nchini tarehe 3 Machi. Ya pili aliisubiri kwa wasiwasi kwa sababu India ilikuwa imezuia shehena kutoka. Lakini aliisubiri, hakusema basi.

Na waachilie wafanyakazi wako mapema. Kafyu ya saa moja maana yake jiko linazimwa saa kumi na moja, sio saa kumi na mbili na nusu. Mliona yaliyotokea Thika Road, Nairobi, mwezi wa Aprili, polisi walipoziba barabara kafyu ilipofika, magari yakakwama usiku na ambulensi zikiwemo. Msichana wako hana gari la kulala ndani. Mauzo ya nusu saa ya mwisho hayatoshi kulipia usiku wake mmoja kituoni, na mama yake atakuuliza wewe, si serikali.

Gesi nayo. Kuanzia tarehe 1 Julai 2021 walirudisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia, na ilisikika kwenye mtungi uliofuata. Maharagwe na githeri zipeleke kwenye makaa, gesi iachie chai na mayai.

Nirudi kwako sasa, wa Kondele. Umesema samaki wa jioni ndiye aliyekuwa akikulipia kodi. Samaki hajakufa kibiashara, amebadilisha saa. Mtu anayeingia nyumbani saa kumi na mbili na nusu hana muda wa kuparua magamba na kungoja mafuta yachemke, lakini ugali anaweza kusonga mwenyewe. Muuzie ngege, yaani tilapia, aliyekaangwa, amefungwa na kachumbari pembeni, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja. Usimuuzie sahani nzima, muuzie kile kitakachomchelewesha jikoni. Omena iliyokaangwa kavu vilevile, kwa kupima. Andika namba yako ya kulipia kwa herufi kubwa ukutani, ili asisimame kukuuliza na wa nyuma yake wakabanana.

Usiishi kwa kungoja tarehe 31 Julai. Wamesema masharti yenu yanafika hapo, na naomba iwe hivyo, lakini panga kana kwamba yataongezwa. Mpigie mwenye nyumba leo kabla hajakupigia. Mwambie utalipa kiasi gani na tarehe ngapi, umtajie kiasi unachokiweza kweli. Ukishaongea naye niandikie alivyojibu. Akikataa kabisa, nitumie hesabu ya mauzo yako ya wiki mbili tuikalie pamoja.