Kuta zinazotoa chumvi: maswali ya wasomaji wa Mwanza na kandokando ya ziwa

Masika yakikatika na jua likaanza kukausha kuta, maswali kuhusu unga mweupe huongezeka. Nimechukua machache, nikayafupisha, na kumjibu kila mmoja kwa nafasi yake.

Habari fundi. Nyumba yangu iko Pasiansi, mita chache kutoka ziwani. Ni ya matofali ya kuchoma na sikupiga lipu nje kwa sababu naipenda rangi ya tofali. Kila mvua zikiisha ukuta unaota unga mweupe. Jirani anasema ni chumvi ya ziwa na ya mchanga wa ufukweni. Nikiosha kwa maji unga unatoka, siku chache unarudi. Nimechoka.

Nzuri, dada yangu. Ziwa tuliache kwanza, halina hatia. Maji ya Ziwa Victoria ni maji baridi, si ya chumvi kama ya bahari. Anayejenga Dar es Salaam kwa mchanga wa pwani ana sababu ya kuogopa chumvi ya bahari, wewe wa Pasiansi huna.

Chumvi yako ina vyanzo vitatu: udongo uliofyatuliwa tofali, saruji iliyounganisha matofali, na ardhi iliyo chini ya msingi. Saruji peke yake ina sodiamu na potasiamu za kutosha kutengeneza salfeti zinazoyeyuka kwenye maji. Chumvi hizo hukaa kimya ndani ya ukuta miaka na miaka ikiwa ukuta ni mkavu. Mvua ikiingia, maji yanaziyeyusha. Jua na upepo wa ziwani vikianza kuvuta maji yale nje, chumvi husafiri nayo mpaka usoni pa tofali. Maji yanakwenda hewani, chumvi inabaki. Ndiyo maana unga hauonekani mvua inaponyesha, unaonekana inapokatika.

Sasa unaelewa kwa nini kuosha hakusaidii. Ukimwaga maji unaiyeyusha upya, na sehemu kubwa inarudi ndani ya tofali kusubiri jua la kesho. Safisha ukuta ukiwa mkavu kabisa, mchana wa jua, kwa brashi ngumu ya nailoni au ya katani. Usitumie brashi ya waya: inakwangua ngozi ya tofali iliyoiva motoni, ambayo ndiyo ngao yake, na vipande vya waya vinavyobaki hupata kutu na kutia madoa. Tandika turubai au magunia chini ya ukuta, kusanya unga wote ukautupe mbali. Ukiuacha udondoke kwenye udongo wa pale pale, mvua ijayo itaurusha tena ukutani.

Kabla ya hapo, chota unga kidogo kwenye kijiko utie maji. Ukiyeyuka wote, ni chumvi ya kawaida ya ukutani na brashi inatosha. Usipoyeyuka, tia siki. Ukitoa mapovu, hiyo ni chokaa iliyogeuka kabonati ya kalsiamu, na hiyo brashi kavu haiiwezi vizuri. Usipofanya lolote kati ya hayo na ukipakazika kama masizi, huenda ni ukungu, nao una tiba nyingine.

Halafu tafuta maji yanakoingilia. Kwa nyumba za Mwanza mimi huanza na bati. Kama hakuna gata, maji ya paa lote yanadondoka mstari mmoja, yanagonga ardhi na kurukia ukuta. Angalia unga wako uko wapi: ukiwa sentimita 40 au 50 za chini tu, ni maji ya kurukia au yanayopanda kutoka ardhini. Ukiwa juu karibu na kenchi, bati linavuja. Ukiwa chini ya dirisha, kizingiti hakina mteremko wa kumwaga maji nje. Na kama umepanda maua kando ya ukuta unayamwagilia kila jioni, yahamishe.

Kama nyumba haijafikisha miaka miwili, usiogope sana. Maji ya ujenzi bado yanatoka, na unga wa namna hiyo hupungua wenyewe msimu hadi msimu ukiupiga brashi.

Mimi ni mpangaji Mabatini. Ukuta wa chumbani unatoa chumvi kuanzia sakafuni hadi kama kiunoni. Mwenye nyumba amepaka rangi ya mafuta mara kadhaa, inavimba na kubanduka. Sasa fundi wake anashauri tuzibe kwa vigae. Je, itasaidia?

Haitasaidia, na inaweza kuleta hasara zaidi. Ukuta huo unanyonya maji ya ardhini kama utambi wa koroboi, na maji ya namna hiyo kwa kawaida hupanda hadi karibu na mita moja, pale pale unaposema. Rangi ya mafuta inaziba njia ya maji kutokea. Chumvi inajikusanya nyuma yake, inatengeneza fuwele, na fuwele zinapokua zinasukuma rangi, na baadaye lipu yenyewe. Vigae vitafanya hivyo hivyo, isipokuwa maji yatapanda juu zaidi na utaiona chumvi ikitokea juu ya kigae cha mwisho. Nimeona wapangaji wengi wakilaumiwa kwa "kutofungua madirisha" wakati kosa liko kwenye msingi, na jambo hilo linaniudhi.

Ili msibishane na mwenye nyumba, fanyeni jaribio moja pamoja. Bandikeni kipande cha nailoni ukutani, mkizibe pande zote nne kwa gundi ya utepe, mkiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani tu, ni mvuke wa kupika na kupumua, na hapo kweli madirisha yanahusika.

Tiba ya kweli huanza nje. Nyumba nyingi za Mabatini zimekatwa ubavuni mwa mlima, na udongo wa upande wa juu umeegemea ukuta, mara nyingine umepita hata kimo cha sakafu. Udongo huo uondolewe hadi angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, na uchimbwe mtaro wa kupitisha maji ya mlimani pembeni. Kisha ndani, lipu iliyoathirika ibanduliwe hadi sentimita 30 hivi juu ya mstari wa chumvi. Hapa ndipo watu wanapokosa subira: ukuta uachwe wazi ukauke, ikiwezekana kiangazi chote cha Juni hadi Septemba, huku ukipigwa brashi kila unga unapotokea. Ndipo upigwe lipu mpya ya chokaa na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, na upakwe chokaa au rangi inayoruhusu ukuta kupumua. Jipsamu isiguse ukuta huo. Inanyonya unyevu na kulainika.

Kama msingi hauna tabaka la kuzuia unyevu, linaweza kuingizwa kwa kukata ukuta kipande kwa kipande. Kazi hiyo ni ya fundi mzoefu wa kuta. Ukuta mrefu hauwezi kukatwa wote kwa siku moja ukabaki salama.

Fundi wangu wa hapa Igoma anataka kuondoa chumvi kwa maji ya betri. Nimruhusu?

Usimruhusu. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki. Ikikutana na chokaa ya saruji inatengeneza salfeti ya kalsiamu, yaani unalipa ili kuongezewa chumvi. Na asidi yoyote ile isichanganywe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: gesi inayotoka inaua.

Shikamoo fundi. Nina ukuta wa mawe Isamilo, umezuia udongo wa mlima nyuma ya nyumba. Kwenye maungio ya mawe zimetoka michirizi myeupe migumu, kama nta iliyoganda, wala haitoki kwa brashi. Mawe ndiyo yanaoza?

Marahaba, kijana. Mawe yako hayaozi. Miamba ya Mwanza ni matale, yaani graniti, na matale hainyonyi maji kwa kiasi cha kutisha. Michirizi hiyo inatoka kwenye saruji ya maungio. Maji ya mlimani yanapenya nyuma ya ukuta, yanabeba chokaa ya saruji, na yakifika nje chokaa inakutana na hewa ya ukaa na kuwa kabonati ngumu isiyoyeyuka kwenye maji.

Kwangu mimi doa si tatizo. Linalonitia wasiwasi ni kwamba maji yamejaa nyuma ya ukuta wako. Ukuta wa kuzuia udongo usio na matundu hubeba uzito wa udongo pamoja na msukumo wa maji, na mvua kubwa ikija unaweza kuanguka. Angalia kama una mabomba ya kutolea maji chini yake. Kama hayapo, toboa matundu ya milimita 50 hadi 75 kila baada ya mita moja na nusu au mbili, yakiinamia nje. Kama yapo lakini hayatoi tone wakati wa mvua, yamezibwa na matope, yazibue. Anayejenga upya aweke kokoto nyuma ya ukuta ili maji yashuke kirahisi. Ukiona ukuta umevimba tumbo au una ufa mpya, mwite mhandisi kabla ya vuli, na watoto wasicheze chini yake.

Michirizi ikwangue kwa patasi ya mbao, inayobaki ipake siki, sugua, kisha suuza kwa maji mengi. Asidi kali za dukani uziepuke hapa: chuma kilichomo kwenye matale huweza kutoa madoa ya kutu ambayo hayaondoki.

Hapa kwetu Sengerema tumegeuza zizi la zamani kuwa ghala la mahindi. Ukuta wa chini unatoa unga na unalowa hata kusiponyesha.

Hizo ni nitrati, aina ya chumvi, zimetokana na mkojo na samadi ya miaka mingi. Tabia yake ni kunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo ukuta utalowa hata bati likiwa zima. Zile kuta zilizopakana na vyoo vya shimo zina shida hiyo hiyo.

Hapa ukuta unahitaji kunyonywa chumvi. Loweka karatasi nyeupe zisizo na maandishi, kama tishu, kwenye maji ya mvua mpaka ziwe uji mzito. Pachika uji huo ukutani unene wa sentimita moja hadi mbili. Unapokauka, unavuta chumvi kutoka ukutani. Ukikauka kabisa na kuanza kuachia, ubandue uutupe, upachike mwingine. Rudia mpaka unga upungue. Wakati huo mahindi yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Na hata baadaye yasiuguse.

Naanza kujenga Kisesa. Nifanye nini mapema?

Pima matofali kabla ya kununua tanuri zima. Chukua machache, hasa ya pembeni ambayo hayakuiva sawasawa, yasimamishe kwenye sinia lenye maji ya mvua ya kina cha sentimita 2.5 kwa siku 7, kisha yakauke. Maji ya kisima yana chumvi zake, yatakudanganya. Yakiota weupe mwingi, tafuta tanuri jingine. Uliza pia udongo ulichimbwa wapi: ukiona bondeni kiangazi ardhi inatoa unga mweupe au ng'ombe wanairamba, matofali ya hapo yaache.

Matofali yakifika, yapange juu ya mbao na uyafunike. Kuta zinazojengwa nazo zifunikwe kwa juu kila mvua inapotishia.

Halafu weka tabaka la kuzuia unyevu, lile mafundi wanaloliita DPC, angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, lipite unene wote wa ukuta bila kuachwa pengo kwenye kona, na vipande vyake vilaliane sentimita 10 au zaidi. Simama mwenyewe siku linapowekwa.