Barua kwa Mwanangu Kuhusu Chema Kinachojiuza

Binti yangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara ya kwanza kwa haraka, kama mama anayetaka kujua kwanza iwapo mtoto ni mzima, kisha nikairudia jioni nikiwa nimetulia. Unaniambia kwamba ofisi yako ya kubuni na kuchapa vifungashio inatimiza mwaka wa tatu, kwamba wateja uliokwisha kuwafanyia kazi hurudi, lakini wapya hawaji, na kwamba kazi ambayo ungeiweza vizuri imekwenda kwa mwingine kwa sababu tu mwenye kazi hakuwahi kulisikia jina lako. Unasema kwamba katika mikutano ya wafanyabiashara hukaa pembeni hadi mwisho, na kwamba ukiulizwa bei sauti yako hushuka. Kisha ukaniuliza: "Mama, ulinilea kwa kuniambia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nitajitangazaje bila kuonekana ninajitembeza?"

Methali hiyo nilikufundisha mimi, kwa hiyo ni haki yako kunidai maelezo. Siifuti. Hakuna tangazo litakalomrudisha mteja aliyeuziwa kitu kibovu, na kwa upande huo wewe umekwisha kufanya kazi iliyo ngumu zaidi, kwa kuwa wateja wako hurudi. Lakini chema hujiuza kwa yule aliyekiona, na kilichofungiwa kabatini hakina wa kumjiuzia. Nilipokuwa na karakana ya ushonaji, nilikaa miaka mingi nikiamini kwamba mishono yangu itanisemea. Siku moja msimamizi wa taasisi iliyokuwa ikishonesha sare kila mwaka aliingia kwangu kurekebisha vazi lake, akashangaa kusikia kwamba nilikuwa nikipokea oda kubwa, kwani alikuwa akipita mbele ya mlango wangu karibu kila siku huku sare zake akizipeleka mbali. Sikuwa nimemwambia yeye wala mtu mwingine yeyote. Ukimya huo nilikuwa nikiuita unyenyekevu, na ilinichukua muda mrefu kukiri kwamba ulikuwa woga, kwa sababu asiyeomba kazi hawezi kunyimwa. Ulipokuwa mdogo nilikufundisha methali nzuri, lakini bila kujua nikakurithisha na woga niliokuwa nimeuficha nyuma yake.

Basi tuanze na neno kujisifu, ambalo ndilo linalokuzuia. Anayejisifu huzungumza juu ya nafsi yake mbele ya mtu asiyemhitaji. Anayejitangaza humweleza mwenye shida kwamba utatuzi wa shida yake upo na mahali ulipo. Watafiti wawili, Christine Exley na Judd Kessler, walichapisha mwaka 2022 utafiti ambamo wanawake na wanaume walifanya jaribio lilelile kisha wakatakiwa kueleza jinsi walivyofanya. Wanawake walijieleza kwa maneno ya chini kuliko wanaume waliofanya sawa nao, na tofauti hiyo haikuondoka hata pale walipokuwa wamekwisha kuambiwa matokeo yao kamili. Nalitaja hili ili ujue kwamba pengo halimo katika kazi yako, limo katika maneno unayoyachagua kuieleza. Kwa hiyo acha maneno ya sifa, utumie mambo yaliyotokea. Usiseme kwamba ofisi yako ni bora. Sema kwamba mteja wako alikuwa akirudishiwa mizigo kwa sababu maboksi yalilowa na kupasuka njiani, mkambadilishia karatasi na namna ya kukunja, na tangu hapo hajarudishiwa mzigo. Muombe mteja huyo ruhusa ya kusimulia habari yake, na ikiwezekana aseme mwenyewe kwa maneno yake. Mwenye mzigo unaolowa akisikia hayo hatafikiri kwamba unajivuna, atakuuliza unapatikana wapi.

Kuna mwanamke mmoja ambaye habari zake nataka uzijue kwa undani. Madam C. J. Walker alizaliwa mwaka 1867 huko Louisiana, Marekani, wazazi wake wakiwa wametoka utumwani muda mfupi tu kabla. Alifua nguo za watu kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuuza dawa za nywele alizozitengeneza kwa ajili ya wanawake weusi. Mwaka 1912 alihudhuria mjini Chicago mkutano wa jumuiya ya wafanyabiashara weusi iliyoongozwa na Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi mashuhuri wa Wamarekani weusi, na ingawa aliomba kupewa nafasi ya kuzungumza, hakupewa. Siku ya mwisho aliinuka kutoka kwenye kiti chake akasema bila kusubiri kuitwa. Alieleza kwamba alitoka katika mashamba ya pamba, akapanda kwenda kwenye beseni la kufulia, kutoka hapo jikoni, na kwamba kutoka jikoni alijipandisha cheo mwenyewe akaingia katika biashara, akajenga kiwanda chake juu ya ardhi yake. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa wasemaji walioalikwa rasmi. Tazama maneno aliyoyachagua: shamba, beseni, jiko, kiwanda, ardhi. Hakusema kwamba yeye ni hodari, bali alitaja vitu ambavyo hakuna mtu ukumbini aliyeweza kuvikana. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa vifungashio, utapenda kujua kwamba picha yake mwenyewe ilikuwa juu ya makopo ya dawa zake, kwa hiyo kila mnunuzi alijua sura ya mwenye biashara. Mwaka 1917 aliwakusanya Philadelphia mawakala wake, wanawake waliokuwa wakiuza bidhaa zake mji kwa mji, na kwa njia hiyo jina lake likabebwa na vinywa vingi kuliko kimoja.

Sasa hiyo mikutano. Umezoea kudhani kwamba watakaokupa kazi ni marafiki zako wa karibu, ndiyo maana unapoingia ukumbini na kukuta wageni watupu unaona hakuna lako pale. Mwanasosholojia Mark Granovetter, katika makala yake ya mwaka 1973, aliwachunguza watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu wanayemfahamu, akakuta kwamba zaidi ya nusu yao waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja tu, na waliobaki wengi wao na mtu wanayeonana naye kwa nadra. Walioambiwa na mtu wa karibu hawakufika hata mmoja kwa kila watano. Sababu yake ni rahisi kuielewa: rafiki yako wa karibu anawajua walewale unaowajua na amesikia yaleyale uliyoyasikia, lakini yule mliyesalimiana mara mbili anaishi kati ya watu wengine kabisa. Kwa hiyo wageni walio ukumbini ndio hasa sababu ya kwenda.

Nenda mapema, ukumbi ukiwa bado haujajaa, kwa maana ni rahisi kumsogelea mtu mmoja aliyesimama peke yake kuliko kuingia katika duara la watu sita wanaocheka pamoja. Ukiweza, omba kazi ndogo kwa waandaaji, kama kuwaandikisha wageni mlangoni, kwa sababu mwenye kazi ana haki ya kumsalimia kila mtu na hakuna atakayemshangaa. Usigawe kadi kwa kila mkono unaonyooshwa. Zungumza vizuri na watu watatu, uliza biashara ya kila mmoja inakwama wapi, usikilize mpaka amalize, na usiku huohuo uandike jina lake na jambo aliloliona ni tatizo. Kabla siku mbili hazijapita mtumie ujumbe mfupi wenye kitu cha kumfaa, hata kama ni jina tu la fundi anayemhitaji. Usiombe chochote katika ujumbe huo wa kwanza. Watu wengi huharibu hapa, kwa kuwa mtu hukumbukwa kwa kile alicholeta kabla ya kukumbukwa kwa kile alichotaka.

Na kwa kuwa wewe ni mwanamke, siwezi kuipita hatari moja kimya. Utakutana na mtu atakayekuambia kwamba mazungumzo ya biashara hayawezekani ila usiku, mahali pa faragha, mkiwa wawili. Mwambie unakutana na wateja mchana, ofisini au mahali penye watu, na ikibidi uende na msaidizi wako. Akiacha kukutafuta baada ya hapo, hukupoteza mteja. Usijilaumu wala usirudi nyumbani ukichunguza ulivyovaa au ulivyocheka.

Juu ya vyombo vya habari nitasema machache, kwa kuwa kazi yenyewe si ngumu kama unavyodhani. Mhariri hatafuti biashara yako, anatafuta habari kwa wasomaji wake. Ukimwandikia kwamba umetimiza miaka mitatu hatakujibu, lakini ukimwandikia kwamba unaweza kueleza kwa nini bidhaa za wazalishaji wadogo hukataliwa madukani kwa sababu ya kifungashio, ukiwa na mifano na picha nzuri, umempa kitu cha kuchapisha. Iwe barua ya nusu ukurasa, yenye namba ya simu inayopokelewa, kwa sababu mwandishi mwenye saa mbili za kumaliza habari humpigia mwingine ukichelewa. Kabla ya kuhojiwa redioni chagua mambo mawili unayotaka yabaki masikioni mwa watu, uyaseme kwa sauti nyumbani mpaka ulimi uyazoee. Wakikuuliza unawezaje kulea na kufanya biashara, swali ambalo wanaume hawaulizwi, jibu kwa sentensi moja ya heshima na urudi kwenye kazi yako.

Maswali yenyewe hayagawanywi kwa usawa. Mtafiti Dana Kanze na wenzake walionyesha katika utafiti wa mwaka 2018 kwamba wawekezaji waliwauliza wanaume waanzilishi wa biashara zaidi juu ya faida na kukua, na wanawake zaidi juu ya hasara na kujilinda, na kwamba waliojibu swali la kujilinda kwa majibu ya kukua walipata fedha nyingi zaidi kuliko waliobaki kujitetea. Kwa hiyo ukiulizwa utawazuiaje wateja wasikukimbie, eleza kwa kifupi kwamba wanarudi, kisha uende moja kwa moja kwenye soko unalotaka kulifikia.

Limebaki jambo la kujiamini, ambalo umeliandika kana kwamba ni kibali unachosubiri kabla ya kuanza. Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika mwaka 1978 juu ya wanawake wenye shahada na heshima kubwa katika kazi zao ambao bado waliamini kwamba wamewahadaa watu na kwamba siku moja watagunduliwa. Mafanikio hayakuwaondolea hisia hiyo, na hilo linanionyesha kwamba hisia ya kutostahili si ushahidi wa kutostahili. Sikuwahi kuamka siku moja nikajikuta ninajiamini. Nilikwenda kwa yule msimamizi wa taasisi nikiwa ninatetemeka, nikataja bei, nikanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko wowote ninaoukumbuka. Alikubali. Mara ya pili nilitetemeka kidogo, na sikumbuki mara ya tano ilikuwaje. Sauti yako hushuka kwenye bei kwa sababu unaitaja pamoja na msamaha. Itaje yenyewe, kisha ufunge mdomo, umwache mwenzako aifikirie. Akitaka ipungue, punguza na kazi, usipunguze bei peke yake.

Umesema kuna mkutano Alhamisi ya pili ya mwezi ujao. Waandikie waandaaji leo kwamba uko tayari kukaa mezani mlangoni. Ile barua ya mhariri niletee kwanza niisome, maana nakujua, utaifunga kwa kuomba radhi kwa kumsumbua, na sentensi hiyo nitaikata. Usiku wa Alhamisi, hata ukiwa umechoka, niandikie majina ya watu watatu na kinachomkwamisha kila mmoja wao.

Mama yako akupendaye.